Biskuti za Krismasi za Mbwa na Paka, kwa Oveni au kwa Jiko la Mkaa

Haya wapendwa, karibuni jikoni. Leo hatupiki pilau wala hatuoki keki, tunawapikia wale wanaokaa chini ya meza wakisubiri kidondoke kitu. Mbwa wetu Bosi mnamfahamu. Yule aliyepanda juu ya friji ni paka, jina lake Shemeji, maana saa ya kula hajawahi kukosa. Kassim, mwonyeshe. Basi, inatosha, rudi mezani.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini: mbona sisi tunawapa mabaki tu na wako hai? Sikilizeni. Pilau lina kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na kwa paka ndio zaidi. Keki ya Krismasi ina zabibu kavu. Mbwa anaweza kufa figo kwa zabibu, na hakuna anayeweza kukuambia huyu wako atavumilia ngapi. Chokoleti hapana. Kungumanga hapana. Mfupa wa kuku ukishapikwa unavunjika vipande vyenye ncha, unamchana tumbo. Kwa hiyo Bosi siku ya sikukuu ana sahani yake, na hiyo ndiyo tunayoitengeneza.

Vitu vyenyewe: maini ya kuku robo kilo, viazi vitamu viwili vya saizi ya kati, yai moja, unga wa ngano vikombe viwili na kidogo pembeni wa kunyunyizia. Vimeisha. Chumvi hakuna, sukari hakuna, na vile viungo vya mchuzi vya pakiti msiguse, vingi vina unga wa kitunguu ndani. Ukitaka kuongeza siagi ya karanga kijiko kimoja, ongeza, ila soma kopo kwanza. Ukiona xylitol au E967, irudishe kabatini. Ni sukari ya vitu vya "sugar free", na mbwa akila inamshusha sukari ya mwili ghafla na kumharibu ini.

Halafu unga. Hapa niacheni niseme. Tuna tabia, unga ukiota ukungu tunasema "huo mpeni mbwa." Jamani! Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 inaua na mbwa, tena ini la mbwa halichelewi. Na usijidanganye kwamba moto utaimaliza, kupika hakuiondoi. Unga usioula wewe, Bosi naye haumfai. Karanga zilizosinyaa na kuwa chungu ni hivyo hivyo.

Tuendelee. Viazi nimeshachemsha na kumenya, hilo sina haja ya kuwafundisha. Maini nayo nimeyachemsha kwa maji matupu mpaka yakaiva, hayana damu ndani. Tia kwenye brenda na maji yake kidogo, saga. Huna brenda, twanga kwenye kinu, ndivyo bibi yangu angefanya. Ponda viazi, changanya na maini, pasua yai, koroga. Sasa unga, kidogo kidogo, usimwage wote. Viazi vingine vina maji, vingine vikavu. Unataka donge linaloachia mkono, gumu kuliko la chapati. Hamira tusiweke kabisa. Na donge lolote lenye hamira likiwa bichi liweke mbali na mbwa, likifika tumboni linaumuka humo humo na kutoa pombe.

Kibao cha chapati, mti wa kusukumia, sukuma. Unene nusu sentimita. Nasema nusu sentimita! Kassim, leta kamera karibu waone. Hivi. Ukiacha nene kama mandazi, nje itakauka na ndani itabaki mbichi, halafu hutajua mpaka umefungua kopo ukakuta zimeota manyoya. Nyembamba.

Kukata: ninavyo hivi vibati, nyota, mfupa na samaki. Navitengenezesha kwa fundi bati, kingo zimekunjwa hazikati mkono, anayetaka anitumie ujumbe. Huna, tumia kisu, kata vipande vya mraba. Mimi napenda vidogo vya ukubwa wa kucha ya dole gumba, maana mbwa hahesabu ukubwa, anahesabu mara ngapi umempa.

Wenye oveni: nyuzi 150, dakika arobaini hivi, zigeuze katikati. Kisha zima na uziache humo humo mpaka oveni ipoe yenyewe. Usizitoe mapema. Zinatakiwa zivunjike kwa sauti. Kama inapinda, haijakauka, rudisha.

Wenye mkaa, ambao ndio wengi, njooni hapa. Sufuria nzito, chini mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili, juu yake kibati chenye biskuti, funika, kisha palia mkaa juu ya kifuniko. Moto wa juu uwe mwingi, wa chini uwe kidogo, mkaa uliokwisha kushika majivu. Kila baada ya dakika kumi funua kidogo mvuke utoke... Kassim, futa lenzi, hatuonekani. Futa na kanga, siyo na mkono! Haya. Mnaona huyu biskuti wa pembeni? Ameungua, upande huu moto ulikuwa mkali. Hatumtupi hivi hivi, tunakwangua... hapana, huyu ni mkaa mtupu, mtupe. Zungusha kibati, sogeza makaa, endelea.

Zikiwa zinapoa, tumfanyie Shemeji yake. Paka hasikii ladha ya sukari hata umpe asali, kwa hiyo viazi vitamu havimvutii. Yeye ni dagaa. Chukua dagaa wa Kigoma au wa Mwanza waliokaushwa bila chumvi. Dagaa mchele wa Zanzibar ni mtamu kwetu, lakini huchemshwa kwa maji ya chumvi, kwa paka ni nyingi mno. Wa Mwanza waoshe, uoshe tena, wengine huanikwa mchangani. Ukipata walioanikwa kwenye chanja, bora zaidi. Kausha kwenye kikaango bila mafuta, saga, changanya na yai na unga vijiko viwili tu, tengeneza vigololi vidogo, oka kama zile za Bosi... Shemeji! Shuka! Kassim wewe unapiga picha tu mwenzio anaibiwa? Haya, bakuli limepungua, mtaona tumebaki na vichache.

Sasa kopo. Hapa nisikilizeni vizuri. Msifunge kopo biskuti zikiwa za moto. Hata za uvuguvugu, msifunge. Gusa ya katikati kabisa, siyo ya pembeni. Desemba hii hapa Dar hewa yenyewe ina maji, ukifunga na joto mvuke unageuka jasho kwenye kifuniko, linadondoka, na siku ya tatu una kopo la ukungu. Ziache usiku kucha juu ya chujio, zimefunikwa na kitambaa, asubuhi ndipo ufunge. Zilizokauka kabisa kaa nazo wiki moja nje, au wiki mbili kwenye friji. Zisipokauka vizuri, zote friji na zimalizwe ndani ya siku tatu. Na ukisikia harufu ya uchachu, usionje onje, mwaga.

Kiasi: hivi ni vitafunio, chakula chake kiko pale pale. Visizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku. Mbwa mkubwa kama Bosi, vidogo vitano au sita. Kale kadogo ka ndani, kimoja au viwili. Maini yasiwe ya kila siku, vitamini A yake ikizidi inadhuru mifupa, paka hasa. Mwenye mbwa wa kongosho au figo amuulize daktari wake wa mifugo kwanza.

Vibati seti ya vitatu, oda za kabla ya Krismasi nafunga tarehe 20, mikoani natuma kwa basi. Wenye kasuku mmeniuliza sana, video yenu inakuja Januari, ila kwa sasa msimpe parachichi.