Bunduki kuukuu haisagwi

Waaleikum salaam, waaleikum salaam. Kaeni jamani, viti vya nyuma vipo.

Wengine mmekuja kuuliza bei. Bei sitaji. Nina neno moja tu, walionisikia Lamu wanalijua, na hapa Malindi nitalisema tena: bunduki kuukuu haisagwi. Haipigwi msasa, haipelekwi kwenye gurudumu la kung'arishia, haipakwi rangi ya gari. Nazungumzia hizi za wenzo, za kukoki kwa kusukuma pete ya chini. Mmeziona kwenye sinema za kauboi, sitazieleza.

Nawaona wazee pale wananong'ona. "Huyu anatufundisha nini, na uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977?" Naam, 1977, na mimi sikuja kumtuma mtu porini. Lakini wapo wenye vyeti vyao halali, wapo wenye jamaa Tanzania ambako uwindaji wa leseni ungalipo, na wapo wanaopenda chuma cha zamani kama mimi. Na bunduki hizi si ngeni kwetu. Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuwa na Winchester, bunduki ya kampuni ya Marekani, modeli ya 1895 ya risasi ya .405, akaisifu kuwa ndiyo dawa ya simba. Hiyo ilikuwa ya wenzo.

Sheria nitaisema mara moja. Cheti kwanza, bunduki baadaye. Hununui kisha ukaenda kuomba. Na ukipanda darini ukaikuta ya marehemu babu imefungwa guniani, usiipake mafuta, usiipige picha ukawatumia marafiki. Nenda polisi useme iliko, wao ndio watakaoelekeza. Basi.

Sasa nirudi kwenye kusaga.

Mjomba wangu upande wa Tanga, mtu wa leseni, alipata Winchester 94 ya mkono wa pili. Modeli hiyo aliibuni John Browning, imeuzwa tangu 1894, na zimetengenezwa zaidi ya milioni saba, kwa hiyo si kito cha mfalme. Ya mjomba ilikuwa imefifia, rangi imekuwa ya kahawia, kitako kina mikwaruzo, lakini mtambo ulikuwa unateleza vizuri. Mimi nilimwambia, mjomba, ifute tu. Akasema haiwezekani, watu watamcheka, bunduki gani inafanana na jembe. Akampelekea fundi, simtaji, fundi hodari wa mageti na madirisha. Fundi akaipandisha kwenye gurudumu. Ilitoka inang'aa kama sufuria ya harusi! Mjomba akafurahi, akaniita niione.

Nilipoishika, kitu cha kwanza nilichotafuta ni maandishi ya mtutu, pale panapoandikwa aina ya risasi. Hayapo. Pamebaki kivuli. Mtasema, si anajua mwenyewe ni ya risasi gani? Anajua leo. Akifa je? Modeli hiyo imetoka ya risasi ya .30-30 na imetoka ya .32 Special, na hizo ni mtu na dada yake. Ya .30-30 huingia kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ya .32 bila kukataa, ukafyatua, na ganda likatoka limevimba shingo na risasi imepita mtutu inaogelea. Maandishi yale hayakuwekwa kwa urembo.

La pili, nambari. Iko chini ya mwili wa bunduki, mbele ya wenzo. Gurudumu limeila. Sasa mwambie afisa anayekagua silaha kwamba nambari haikufutwa kwa tupa na mwizi, ilifutwa na fundi wa mageti kwa nia njema. Nendeni mkamwambie, mimi nitawasubiri nje. Mjomba alizunguka ofisi na makaratasi yake mpaka viatu vikalia.

La tatu ndilo linalonichoma zaidi. Mwaka 1964 kampuni ya Winchester ilibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama, ndiyo maana wakusanyaji wanazitafuta za kabla ya hapo. Ya mjomba ilikuwa ya baada. Nyingi za miaka ile mwili wake ulitengenezwa kwa chuma kisichopokea dawa ya rangi nyeusi kwa kawaida, ukavishwa ngozi nyembamba ya chuma kingine juu. Fundi alipoisaga, ngozi ikaondoka. Akajaribu kuirudishia weusi, ikatoka mabaka ya zambarau. Akajaribu tena, zambarau zaidi. Alichokiondoa kwa asubuhi moja hakuna aliyeweza kukirudisha.

Kijana anasema kwani kutu iachwe? Nani kasema iachwe? Kuondoa kutu na kusaga ni mambo mawili. Kutu nyekundu ukiipaka mafuta laini ukaiacha ilale, kisha ukaikwangua kwa kipande cha shaba, inabanduka, na weusi wa chini unabaki, kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma. Ukitaka nyuzi za chuma, ziwe zile nyembamba kabisa, na mafuta. Si zile za kusugulia masufuria! Na sehemu iliyofunguliwa ikasafishwa grisi, yenye kutu nyekundu kidogo, ukiichemsha kwenye maji safi, kutu ile inageuka nyeusi, ukaifuta, na hiyo nyeusi inakilinda chuma. Maji safi nimesema, si ya kisima chenu cha chumvi.

Na chumvi, tukiwa hapa hapa. Fataki za zamani, vile vidude vya nyuma ya risasi vinavyowasha baruti, zilipowaka ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayayeyushi chumvi. Ndiyo maana unakutana na bunduki iliyopakwa mafuta kila siku na mtutu umeliwa vidonda. Maji ya moto kwanza, kausha, ndipo mafuta. Na msiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi, ngozi inanywa unyevu wa bahari na kuushikilia juu ya chuma usiku na mchana.

Sasa kununua, kwa haraka, maana mwenyekiti ameangalia saa.

Hakikisha haina risasi. Usiangalie chemba tu: nyingi za hizi risasi hukaa kwenye bomba chini ya mtutu, na springi ikichoka au bomba likishika kutu, moja inaweza kubaki ndani ukadhani liko tupu. Fungua wenzo, weka karatasi nyeupe ndani, chungulia kwa mdomo wa mtutu. Mifereji ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu iwe na kingo kali, na hasa nusu inchi ya mwisho. Modeli 94 imefungwa nyuma, ufito wa kusafishia hupitia mdomoni, na wamiliki wavivu wamekuwa wakiusugua mdomo miaka hamsini. Mtutu mzima katikati, mdomo umekufa, risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Kisha ikiwa tupu, vuta nyundo mpaka mwisho, isukume kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, mrudishie mwenyewe na umuage.

Risasi ya ncha kali kwenye bomba, hapana. Ncha inagusa fataki ya iliyo mbele yake, na bunduki ikipiga teke... mmeelewa. Ile ya Roosevelt ilikuwa na sanduku badala ya bomba, haikuwa na shida hiyo. Tusichanganye.

Bisibisi iwe ya saizi ya skrubu, ijaze mfereji wake wote. Skrubu zilizoraruliwa vichwa ni ushahidi kuwa aliyekutangulia hakuwa na subira, basi angalia na ndani alifanya nini.

Mbao nilitaka niseme mengi, sina muda. Ufa kwenye shingo ya kitako, pita. Mikwaruzo, iache. Mafuta ya kitani, kidogo, kwa kitambaa, na vanishi ya fanicha ibaki kwenye fanicha.

Mwenyekiti, nimemaliza, usinivute koti. Maswali ya mtutu na skrubu njooni hapa mezani. Wa bei, narudia, nendeni kwa wenye maduka yenye leseni. Na aliyeniletea picha ya bunduki yake kwenye simu, ile ya gurudumu, nimeiona. Tutazungumza wawili, mbali na watu.