Nundu na Firigisi

Ndugu wasikilizaji, ndani ya nundu ya ngamia mna nini? Nasikia huko nyuma mtu anasema maji. La hasha! Ni shahamu tupu, imekusanywa mahali pamoja ili mwili uliobaki usivikwe blanketi la mafuta, joto likakosa pa kutokea.

Sasa msimamisheni kando yake ndege wa ufukweni, jamaa wa kitwitwi, mwenye mdomo mrefu uliobetuka juu kidogo. Wataalamu humwita Limosa lapponica. Huyu naye huishi kwa akiba ya shahamu. Anapoondoka Alaska, zaidi ya nusu ya uzito wake huweza kuwa mafuta. Na ili aweze kuruka na mzigo huo, firigisi, utumbo na ini husinyaa kwanza. Safarini hali kitu, vya nini kubeba jiko?

Mwaka 2022 mmoja wao, mwenye umri wa miezi 5 hivi, alifungwa kifaa cha setilaiti. Aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Kupumzika baharini hawezi. Si bata huyu.

Maji alipata wapi? Shahamu ikiunguzwa mwilini huzaa maji, karibu gramu kwa gramu. Mtasema basi na ngamia afanye hivyo hivyo. Hapo ndipo wanapoachana. Kuunguza shahamu kunataka oksijeni, yaani kuvuta pumzi zaidi, na katika hewa kavu ya jangwa pumzi hizo humtoa ngamia maji mengi kuliko aliyoyapata. Kwa hiyo yeye hubana matumizi ya maji. Alfajiri mwili wake huwa na nyuzi 34 hivi. Mchana huuacha upande hadi 40 na ushei ndipo atokwe jasho la maana. Akifika kisimani hunywa lita 100 kwa muda wa robo saa. Chembe zake nyekundu za damu huvimba bila kupasuka. Zina umbo la yai, kama za ndege. (Si undugu huo. Ndege wote wanazo. Kwa mamalia ni jamii ya ngamia tu.)

Njaa ikizidi, nundu hulegea ikalala upande. Ndege wetu, akishatua, hudonoa matopeni huku utumbo ukikua upya.