Moyo Unaozama: Wazee wa Jamii za Wachache Uingereza na Ugonjwa wa Sonona

Mabibi na mabwana,

Mwezi Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini. Zaidi ya 27,000 kati yao walipokewa Uingereza, na wengi wakafanya makazi Leicester. Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule leo amepita 80, na ni uzee wa watu kama yeye ninaotaka tuutazame.

Husemwa mara nyingi kwamba wazee wa jamii hizi hawaijui sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Siikubali kauli hiyo. Mwanaanthropolojia Inga-Britt Krause, katika makala yake ya 1989, alieleza jinsi Wapunjabi, watu wenye asili ya Punjab huko Asia Kusini, wa mji wa Bedford, Uingereza, walivyosema kwamba moyo unazama: maumivu yanayosikika kifuani, ambayo wenyewe waliyahusisha na joto, uchovu, wasiwasi na hali ya mtu kushindwa mbele ya jamii yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wazee wenye asili ya Karibi na Asia Kusini waliieleza sonona mara kwa mara kwa neno la wasiwasi. Sisi tusemao kwamba fulani "ana mawazo" tunawaelewa upesi, kwa kuwa neno letu nalo halitenganishi hofu na huzuni.

Sasa mchukueni mzee huyo hadi kwa daktari. Dodoso la maswali 9 linalotumiwa sana huko humuuliza habari za wiki mbili zilizopita, ilhali yeye, akiachwa aseme, ataanzia kwenye duka aliloliacha Kampala, apitie miaka ya zamu za usiku kiwandani, kisha afike kwenye kifo cha mwenziwe. Kwake hayo ndiyo maelezo ya ugonjwa wenyewe, na daktari anayemkatiza ili arudi kwenye dodoso amekwisha kuupoteza ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Jambo linalonisumbua zaidi ni ukalimani. Lugha inapokuwa kikwazo, aghalabu binti au mjukuu ndiye huketi katikati, naye mama anayeumizwa na upweke nyumbani mwa bintiye hawezi kuutamka upweke huo kupitia kinywa cha binti yuleyule. Atasema kifua kinabana, kwa kuwa hilo linasemeka bila kumvunjia mtoto heshima, na atarudi nyumbani na dawa ya kifua.