Kaole hadi Bagamoyo kwa Miguu

SALMA: Karibuni tena. Leo Juma ndiye mwenye hadithi, na miguu yake ni shahidi.

JUMA: Bado ina tope, dada. Jumamosi nimetembea Kaole mpaka Bagamoyo mjini, kama kilomita 5, njia ya ufukweni.

SALMA: Uliuliza maji kwanza?

JUMA: Si nilikuuliza wewe?

SALMA: Ukaitikia "sawa, sawa" kama mtu wa bara! Ngoja niwaeleze wasikilizaji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ni bamvua: inajaa sana, inapwa sana. Pwani yetu siku hizo maji yanakuwa yamekauka saa nne, saa tano asubuhi. Hapo ndipo unatembea. Siku inayofuata ongeza kama dakika 50, na kesho yake vivyo hivyo.

JUMA: Nilianzia magofuni, mji wa kale wa Kaole. Msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na kwenye nguzo kuna vishimo walikopachika mabakuli ya Kichina. Sasa, unaambiwa hapa palikuwa bandari. Unageuka kutafuta bahari, huioni! Mikoko tu.

SALMA: Ndivyo tulivyosimuliwa: mchanga na tope vikajaa, mikoko ikaota juu yake, majahazi yakakosa njia. Watu wakasogea Bagamoyo.

JUMA: Basi mimi nikavua viatu.

SALMA: Mikokoni? Juma!

JUMA: Mizizi ya mchu, ule mkoko, imechomoza kama misumari.

SALMA: Ile mti unapumulia. Viatu unavua ukifika mchangani. Na peke yako usiende, ufukwe ule una vipande havina mtu kabisa.

JUMA: Nilikuwa na kijana mwenyeji. Tukapishana na kina mama wanachokoa chaza, mashua zimelala ubavu. Halafu kabla sijaona nyumba hata moja, nasikia ngoma.

SALMA: TaSUBa hiyo, chuo cha sanaa. Ukisikia ngoma jua mji umefika.

JUMA: Sasa nieleze. Wajerumani walioifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lao waliona nini? Maji yakipwa, bahari iko kuleee.

SALMA: Waliona biashara. Misafara ya pembe za ndovu ya Tabora na Ujiji ilishukia pale, Unguja iko ng'ambo tu. Jahazi halioni haya kukaa mchangani. Meli ndiyo haitaki. Mwaka 1891 wakahamishia makao Dar es Salaam, kwenye maji ya kina.

JUMA: Kwa hiyo nimetoka bandari iliyokimbiwa na bahari, nikaingia bandari iliyokimbiwa na meli.

SALMA: Umeanza mashairi. Ulikula?

JUMA: Vibua wa kukaanga, soko la samaki, karibu na forodha ya zamani. Mbele yangu mashua imekwama, wapagazi wanateremsha magunia kichwani, maji ya magoti. Nikamuuliza nahodha anaondoka lini. Saa kumi, anasema, maji yakirudi. Akajilaza kivulini.

SALMA: Na wewe ukangoja upepo?

JUMA: Mimi gari nililiacha Kaole, dada. Nikachukua bodaboda.