Kufunga taa za ziada za rivasi kwenye pikapu: anza na relei

Habari zenu, karibuni gereji. Pikapu mnayoiona hapa ni Hilux inayopeleka sukumawiki Marikiti, lile soko la mboga la Nairobi, saa kumi na nusu alfajiri. Kama umewahi kurudisha gari nyuma Marikiti saa hiyo, shida unaijua: giza, tope, mikokoteni isiyo na taa, na wapagazi wenye magunia mgongoni ambao hawana nafasi ya kukupisha. Balbu za rivasi zilizokuja na gari hazikutengenezewa mahali kama pale. Leo tunaongeza taa mbili za elidi (LED), wati 18 kila moja, na zitawaka zenyewe ukiingiza rivasi.

Usishike koleo bado. Kuna mafundi wanaochuna waya wa taa ya rivasi, wanaunga taa mpya papo hapo na kazi imeisha. Taa zitawaka, sikatai. Lakini waya ule, pamoja na swichi iliyoko kwenye giaboksi, vilipimiwa balbu za kiwandani tu. Balbu mbili za wati 21 ni ampea tatu na nusu. Hizi zetu ni wati 36, gawanya kwa volti 12, ampea tatu nyingine. Umekaribia kuongeza mzigo maradufu. Ikiwa una bahati fyuzi itakatika, na kwenye magari mengi fyuzi hiyo hulisha vitu vingine pia. Ukikosa bahati, unanunua swichi ya giaboksi.

Kwa hiyo waya wa kiwandani tunauomba ishara tu. Umeme wenyewe tunautoa kwenye betri, na katikati tunaweka relei. Relei ni kama bawabu: anapigiwa hodi kidogo tu, naye anafungua geti kubwa.

Vitu tunavyohitaji: relei ya volti 12 yenye miguu minne, fyuzi ya ampea 10 na kasha lake lisiloingiza maji, waya wa milimita mbili na nusu wa kubeba umeme, mwembamba wa milimita moja wa ishara, tamino (vile vichwa vya chuma vya kubana kwenye ncha za waya), na bomba la plastiki lenye mikunjo la kuvisha nyaya. Vyote viko Kirinyaga Road, pale Grogan. Kwenye taa, tafuta zilizoandikwa IP67, yaani haziingizi vumbi wala maji, kwa sababu zitakaa chini ya bampa na masika yanakuja kila mwaka. Wati zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini sana. Taa za bei ya chini hujisifu.

Sasa tutafute waya wa ishara. Weka mawe kwenye magurudumu, vuta handibreki. Swichi ya ufunguo iwe on, injini izimwe, ingiza rivasi. Gia ikiwa ni otomatiki, mwambie mtu akae ndani akanyage breki. Fungua taa ya nyuma, weka mita ya kupima umeme kwenye volti za DC, mguso mweusi kwenye bodi mahali pasipo na rangi, mwekundu kwenye waya wa balbu ya rivasi. Hapa tunaona volti 12 na kidogo. Toa rivasi: sifuri. Usiishie hapo. Washa taa kubwa, indiketa, kanyaga breki. Mita isicheze. Rangi za nyaya hutofautiana kati ya gari na gari, na pikapu nyingi hapa mjini zimeshapita mikono ya mafundi kadhaa, kwa hiyo usifuate mchoro wa gari la mwenzako. Fuata mita.

Umeshaupata? Toa waya wa hasi kwenye betri, spana namba 10, kisha tuendelee.

Relei nitaifunga chini ya boneti, karibu na betri, miguu ikielekea chini ili maji yasitulie ndani. Wengine huiweka nyuma karibu na taa. Mimi sipendi, maana tope lote la barabara linaishia kule. Itazame miguu yake, ina namba. Mguu wa 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Mguu wa 86 unapokea ishara ya rivasi, na wa 85 unakwenda athi, yaani kwenye chuma cha bodi ya gari, upande wa hasi. Relei nyingine zina dayodi ndani. Hizo usibadilishe 85 na 86, tazama mchoro ulio ubavuni.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 30. Hapa nasisitiza, kwa sababu fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Waya wa chanya ukisuguana na chasisi kabla ya fyuzi, hakuna kitu cha kuukata, utawaka hadi betri iishe nguvu au gari liishe.

Nyaya mbili, wa umeme kwenda nyuma na wa ishara kuja mbele, zivishe bomba na uzipitishe juu ya chasisi, ukifuata nyaya za kiwandani. Kaa mbali na ekzosi na shafti. Funga kwa kebo tai kila shubiri mbili hivi. Kule nyuma, ungio la ishara liunge kwa risasi ya kuyeyusha (lehemu), livishe ule mpira unaokaza ukipata moto. Selotepu peke yake hapana, gundi yake huyeyuka.

Taa zenyewe ni boliti mbili kila moja, hapo hamna la kueleza. Athi ndiyo inayosumbua watu. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza boliti, halafu paka grisi juu kuzuia kutu.

Wateja wengine wanataka pia kuziwasha wakiwa wamesimama, wakishusha mzigo. Inawezekana, lakini usiunge swichi ya kawaida moja kwa moja kwenye mguu wa 86. Umeme utarudi nyuma kwenye waya wa ishara, na gari litawasha taa zake za rivasi na hata kamera likiwa limesimama. Tumia swichi ya hatua tatu: mguu wa katikati uende 86, upande mmoja ishara ya rivasi, upande wa pili umeme wenye fyuzi yake, unaokatika ukizima ufunguo. Katikati ni kuzima. Na usisahau kuirudisha: mwanga mweupe nyuma ukiwa Thika Road unampofusha anayekufuata.

Rudisha hasi ya betri. Swichi on, ingiza rivasi. Sikia relei ikilia tik, na taa hizo zimewaka. Ikilia bila taa kuwaka, angalia fyuzi na mguu wa 87. Isipolia kabisa, shida iko kwenye ishara au athi ya 85. Zikiwaka hafifu au zikipepesa, rudi kwenye athi ya taa, upige msasa tena. Zikishakaa sawa, ziinamishe kidogo ziangaze ardhi iliyo mita tatu nne nyuma ya bampa, si macho ya mtu wa mkokoteni, kisha kaza boliti kabisa.