Chai ya Kijani Iingie Kwenye Kijazio, Isiingie Ovenini

Habari zenu, ndugu waokaji. Asanteni kwa kufika.

Nianze na msimamo wangu kabisa, ili atakayebisha apate muda wa kujipanga: chai ya kijani inafaa zaidi kuwa kijazio kuliko kuwa keki. Itie kwenye kastadi, kwenye krimu, kwenye rojo la maharage, kwenye chokoleti nyeupe. Ukiichanganya na unga wa ngano ukaisukuma ovenini, sehemu kubwa ya kile ulicholipia imeshapotea kabla mlaji hajafungua mdomo. Najua humu wamo wanaojivunia keki zao za kijani. Tutagombana taratibu.

Tuiangalie kwanza chai yenyewe. Nikisema macha, ninamaanisha ule unga laini wa kijani wa Kijapani, na unga huo si majani yoyote ya chai yaliyotiwa kwenye kisagio. Wakulima wa Uji karibu na Kyoto, na wa Nishio katika mkoa wa Aichi, huifunika michai yao kwa takribani wiki 3 kabla ya kuchuma. Jani likinyimwa jua huongeza umbijani, yaani kile kinacholipa jani rangi ya kijani, ili linase mwanga mdogo uliobaki. Pia hubaki na theanini nyingi, ambayo juani hugeuka kwa wingi kuwa katekini. Theanini ndiyo inayoipa chai ladha ile nzito, inayokaa mdomoni. Katekini ndizo zenye uchungu na ukakasi. Kwa hiyo kivuli kinakuza rangi na kulainisha ladha kwa mkupuo mmoja.

Majani yakishachumwa hupigwa mvuke upesi, hukaushwa bila kuviringwa, kisha vikonyo na mishipa huondolewa. Kinachobaki huitwa tencha, na tencha ndiyo inayosagwa kwa mawe ya itale. Jiwe moja hutoa kama gramu 40 kwa saa. Ndiyo, kwa saa nzima! Ukiliharakisha linapata joto, na joto linafukuza harufu. Sasa mnaelewa kwa nini unga huu ni ghali, na kwa nini mtu akikuuzia gunia zima kwa bei ya karanga inabidi umuulize maswali.

Basi fikirini: mtu ameshindwa kuharakisha jiwe kwa kuogopa joto, halafu sisi tunauchukua unga huohuo tunaupeleka kwenye nyuzi 180.

Katikati ya molekuli ya umbijani kuna magnesiamu. Joto likikutana na asidi, magnesiamu inang'oka, haidrojeni inashika nafasi yake, na kijani kinageuka rangi ya zeituni, kisha kinaelekea kwenye kahawia. Ni yaleyale yanayozipata mboga za majani zikifunikwa sufuriani muda mrefu. Sponji ikitoka ovenini, ganda lake limeshakuwa la hudhurungi na moyo wake umefifia. Wapo wanaoongeza soda ya kuokea, kwa kuwa alkali hulinda kijani. Inalinda kweli, lakini ikizidi kidogo tu keki ina ladha ya sabuni. Wengine wanatia rangi ya chupa. Mimi sina ugomvi na rangi ya chupa. Ugomvi wangu ni kuiita chai.

Jambo la pili ni sukari, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Katika shughuli ya chai ya Kijapani, kitamu huliwa kwanza, halafu macha hunywewa bila sukari yoyote. Ulimi umeshapakwa utamu, uchungu unaufuata na kuusafisha. Unapotia chai ndani ya kitamu chenyewe, umeviweka pamoja viwili vilivyokuwa vikipokezana. Uchungu lazima usikike. Mwokaji mwenye woga huufukuza kwa sukari, na anachobaki nacho ni krimu tamu yenye rangi ya majani. Kama mlaji hauhisi uchungu kabisa, umemnyima alichokuja kutafuta.

Sasa vijazio. Ninachokipenda kuliko vyote ni rojo la maharage meupe, kile ambacho Wajapani hukiweka ndani ya mochi, yaani vidonge laini vya mchele wa kunata, na vitamu vingine vingi. Nawaona mnaotabasamu: maharage kwenye kitamu? Subirini. Harage jeupe halina ladha ya kushindana na chai, lina wanga wa kushikilia umbo, na halivuji pale linapofungwa ndani ya kinyunga.

Chukua gramu 250 za maharage makavu, yaloweke usiku kucha, menya maganda. Mengi yatatoka kwa kuyafikicha tu. Chemsha kwa moto mkali dakika 10, mwaga maji hayo, maana ndiyo yenye harufu ya harage, kisha tia maji mapya uyapike mpaka yavurugike kwa vidole. Yapitishe kwenye chekeche yakiwa ya moto, weka kwenye kitambaa safi na ukamue. Rudisha sufuriani na sukari gramu 200 na chumvi kidogo tu. Sukari ikishayeyuka rojo litakuwa jepesi tena, msishtuke. Pika kwa moto wa wastani huku unasonga, mpaka ukipitisha mwiko katikati chini ya sufuria panaonekana na rojo halikimbilii kupaziba. Gusa kwa mgongo wa kidole: lisipong'ang'ania, epua.

Hapo ndipo chai inapoingia, si kabla. Chekecha gramu 8 za macha, zikoroge na vijiko 2 vya maji vuguvugu mpaka ziwe laini kama rangi ya kupaka, kisha uzichanganye kwenye rojo lililokwisha kupungua moto. Litandaze kwenye sinia pana lipoe haraka. Likiachwa limerundikana, joto la katikati litaendelea kuipika chai wakati wewe umeshaondoka jikoni.

Kastadi inafuata kanuni hiyohiyo. Maziwa nusu lita, viini 5 vya mayai, sukari gramu 90, wanga wa mahindi gramu 40. Ipike ichemke kweli, dakika nzima, la sivyo kimeng'enya kilichomo kwenye kiini kitaula wanga na kesho utakuta maji. Epua, tia siagi gramu 40, na baada ya hapo macha gramu 10 iliyokorogwa na maziwa kidogo yaliyotengwa mapema. Funika kwa karatasi ya nailoni inayogusa uso wa kastadi, isiote ngozi. Sadaharu Aoki, Mjapani mwenye maduka ya keki Paris, amejipatia sifa kwa ekleri za macha, na ekleri, kile kitamu kirefu chenye uwazi unaojazwa krimu, ni kazi ya kijazio. Najua ana keki ya tabaka pia yenye macha kwenye sponji. Hapo mmepata hoja dhidi yangu. Lakini tabaka zake ni nyembamba, zinaiva kwa dakika chache, na katikati yake kuna krimu ya siagi yenye chai ileile.

Chokoleti nyeupe ni rahisi: sehemu 2 za chokoleti kwa 1 ya krimu nzito, na macha iliyochekechwa juu ya chokoleti iliyoyeyuka kabla ya krimu kuingia, kwa sababu unga huu hutawanyika vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Chokoleti hii ina utamu wake tayari. Msiongeze sukari, tafadhali.

Na asiye na macha? Atumie majani ya kawaida ya chai ya kijani, ila asiyasage nyumbani. Atapata chenga zinazokwaruza ulimi, na rangi hafifu kwa kuwa jani halikukaa kivulini. Ayaloweke kwenye krimu baridi, gramu 12 kwa nusu lita, usiku mzima ndani ya friji. Ubaridi hutoa katekini chache, basi harufu inakuja na ukakasi unabaki nyuma. Akishachuja, apime krimu upya: majani yameinywa sehemu yake, na asiporudishia kilichopungua vipimo vyote vinavyofuata vitakosea. Chai pia itaonekana imepoa makali kuliko ingekuwa kwenye maji, maana protini za maziwa hushikana na katekini. Ndiyo sababu vitamu vya maziwa hutaka chai nyingi zaidi ya mnavyodhani.

Mengine kwa haraka. Limau na pasheni vinapendeza kando ya kijazio hiki, ila visichanganywe ndani yake. Asidi itaila rangi. Macha gramu 10 ina kafeini ya kati ya miligramu 200 na 400, basi mkiwagawia watoto jioni, msije kunilaumu usiku. Na kopo likishafunguliwa, lifungwe vizuri na liwekwe kwenye friji, lakini liachwe lifikie joto la chumba kabla halijafunguliwa tena, la sivyo unyevu wa hewa utatulia juu ya unga na kufanya madonge.

Mezani hapo kuna mabakuli matatu ya rojo moja la maharage: moja halina chai, la pili lina nusu ya kipimo, la tatu lina kipimo kamili. Pateni maji kwanza, muonje kwa mpangilio huohuo. Mkianza na lenye chai nyingi, ulimi hautasikia kitu kwenye mengine. Anayeshikilia kuwa keki ya kijani ni bora na aje mbele, nimemwekea kiti.