Wakili wa Shamba

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa sheria mliojibana huko nyuma ilhali viti vya mbele ni vitupu.

Nimeombwa nizungumze juu ya wakili wa mji mdogo aliyeishia kutunga sheria za taifa. Najua wengi mmekuja mkimtegemea Abraham Lincoln, wakili aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Lincoln ameshasemwa vya kutosha. Mimi namleta Sam Ervin, wa Morganton, mji ulio chini ya milima ya Blue Ridge, jimbo la North Carolina, Marekani. Alizaliwa hapo 1896, na hapo ndipo alipozikwa 1985. Katikati alikaa Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani, miaka 20, na kila alipotaka kumbana mtu kwa hoja alitanguliza kusema kwamba yeye ni wakili wa shamba tu. Mkisikia wakili anajishusha hivyo, shikeni mifuko yenu.

Maana huyo wa shamba alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard, tena aliisoma kinyumenyume. Leseni ya uwakili ya jimbo lake alikuwa nayo tayari. Alikuwa pia na mchumba, Margaret, na alihofia kwamba akikaa mbali miaka mitatu mfululizo atakuta ameshachukuliwa. Basi akaenda kwa mwaka mmoja, akasoma masomo ya mwaka wa tatu. Akaangalia nyumbani: Margaret bado yupo. Akarudi kusoma ya mwaka wa pili. Bado yupo. Akamalizia na ya mwaka wa kwanza, akahitimu 1922, na 1924 wakaoana.

Akaingia ofisini kwa baba yake, naye wakili palepale mjini. Mzee alimpa usia ambao Ervin aliurudia maisha yake yote: kwanza yatie chumvi yaliyotokea, sheria haiozi. Msicheke. Kwetu kutia chumvi ni kuongeza uongo, na mawakili wa aina hiyo tunao wa kutosha. Yule mzee alikuwa na maana ya chumvi ya mvuvi anayetengeneza ng'onda. Nenda kwa mashahidi leo, kabla kumbukumbu hazijaanza kunuka. Kitabu cha sheria utakikuta kabatini kesho, hakijaenda popote.

Mimi mwenyewe nilianzia mji wa namna hiyo, na nawaambieni, hakuna shule kama ile. Asubuhi unambana shahidi kizimbani, jioni mko naye dukani mnapanga foleni ya sukari. Ukimdhalilisha bure, mji mzima utajua kabla ya magharibi. Na kule Marekani kuna juri, wananchi 12 wanaokaa kuamua kama mtu ana hatia. Wakili wa mji mdogo anawajua kwa majina. Anajua nani mlokole, nani anadaiwa, nani alizozana na nani. Hili la juri likumbukeni, nitalirudia.

Nipite haraka kwenye vyeo. Alikuwa mbunge wa jimbo, ambako mwaka 1925 alisaidia kuuangusha mswada wa kuzuia nadharia ya mageuzi isifundishwe shuleni. Alisema faida pekee ya mswada ule ni kuwafurahisha nyani, wakijua hawalaumiwi tena kwa kumleta binadamu. Akawa jaji. Mwaka 1946 akaenda Baraza la Wawakilishi kumalizia muda wa mdogo wake aliyefariki, akarudi nyumbani, akakaa Mahakama ya Juu ya jimbo, na Juni 1954 akaingia Seneti.

Hata kiti hakijapata joto, akawekwa kwenye kamati ya kumchunguza Joseph McCarthy, seneta aliyekuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti na wenzake wakimwogopa. Ervin aliposimama kuchangia alitoa hadithi ya kwao. Kanisani waumini wanaitwa mmoja mmoja waeleze Bwana amewatendea nini. Nyuma amekaa mzee aliyepindwa na baridi yabisi, kimya. Wakamwita: na wewe je, ndugu? Mzee akajikongoja kusimama, akasema, "Ndugu yangu, amekaribia kunimaliza kabisa." Ndivyo McCarthy alivyoitendea Seneti, akasema Ervin. Tarehe 2 Desemba 1954 McCarthy alikemewa rasmi kwa kura 67 kwa 22.

Laiti ningeweza kuruka kutoka hapo hadi Watergate, kashfa iliyomwangusha Rais Richard Nixon, ambayo Ervin aliongoza kamati ya Seneti ya kuichunguza. Ndivyo wanavyofanya wengi wanaompenda.

Mwaka 1956 alitia saini tamko la wabunge wa majimbo ya Kusini mwa Marekani, yaliyowatenga watu weusi kisheria, la kupinga shule za weupe na weusi kuunganishwa. Mwaka 1957 ukaja mswada wa kulinda haki ya watu weusi kupiga kura. Afisa akikaidi amri ya mahakama ya kuwaruhusu, jaji angeweza kumwadhibu mwenyewe. Ervin na wenzake wakasimama: haiwezekani mtu afungwe bila juri! Kama hoja ya sheria, ilikuwa safi. Haki ya juri ni kongwe kuliko Marekani yenyewe. Seneti ikakubali marekebisho hayo kwa kura 51 kwa 42, na makali ya mswada yakapungua. Lakini Kusini, juri karibu zote zilikuwa za watu weupe, na hazikuelekea kumtia hatiani afisa mweupe mwenzao. Seneta wa kutoka mji mkubwa angeweza kudai hakujua. Ervin alikuwa amezihutubia juri hizo miaka nenda rudi, akizitazama usoni. Yeye alijua nani anakaa pale na nani hakai. Aliupinga pia mswada wa haki za kiraia wa 1964 na ule wa haki ya kupiga kura wa 1965, kila mara akiwa na Katiba mkononi.

Na Katiba hiyohiyo ndiyo aliyoitoa mwaka 1971, alipoliuliza jeshi ni sheria gani inaliruhusu kuwapeleleza raia. Ndiyo aliyokuwa nayo Mei 1973 alipofungua vikao vya Watergate, akiwa na miaka 76, nyusi zikicheza mbele ya kamera za televisheni. Msaidizi wa zamani wa Rais Nixon, John Ehrlichman, alikuwa anatetea uvunjaji wa ofisi ya daktari mmoja kwa kisingizio cha usalama wa taifa. Ervin akasema sheria hairuhusu. Wakili wa Ehrlichman akadakia: umejuaje, mwenyekiti? Akajibiwa, "Kwa sababu naelewa Kiingereza. Ni lugha yangu ya mama."

Lakini Julai ileile alipigiwa simu, mtu akijiita Waziri wa Fedha, kwamba rais amekubali kutoa kanda alizokuwa akirekodi ofisini kwake. Ervin akautangazia mkutano kwa furaha. Haukupita muda ikajulikana aliyepiga si waziri, ni mhuni tu, na mzee akalazimika kurudi kwenye kipaza sauti kukiri. Siku hiyo hakutia chumvi.

Nixon alijiuzulu Agosti 1974. Ervin akastaafu mwisho wa mwaka huo, akarudi Morganton, akafungua tena ofisi ya uwakili akiwa na miaka 78.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza mlangoni kama ningempa huyu mzee kesi yangu. Ningempa, na ningelala usingizi. Kura yangu je? Ningekuwa mtu mweusi wa North Carolina mwaka ule wa 1957, kabla ya kuandikishwa kupiga kura ningepewa kifungu cha Katiba nikisome na kukiandika mbele ya karani, mpaka karani aridhike.